Nthenya na Albamu za Mbotela

Kama umewahi kupita Outering Road siku ya Jumamosi, pale penye maduka ya magodoro, basi Nthenya wa Matheka umemsikia, utake usitake. Ni yule mwanamke mwembamba mwenye rasta na buti nyeusi, anayesimama mlangoni na maikrofoni akiwaambia wapita njia kwamba mgongo hauna spea na godoro la leo ni bei ya kutupa. Watu hugeuka. Sauti ile haikuumbwa kuuza magodoro, jamani. Inaanzia tumboni, inapanda ikikwaruza, ikifika juu inapasuka, na mtu aliyekuwa anajiendea zake na sukuma wiki mkononi anasimama kuangalia kama kumetokea ajali.

Ile ni sauti ya roki. Ndiyo, roki, ile ya magitaa ya kunguruma na ngoma za kutikisa kifua. Wewe cheka tu. Nairobi ina watu wa roki, tena si watoto wa matajiri peke yao, na kwa miaka mingi hapa Eastlands walikuwa na bendi yao iliyoitwa Kutu, na aliyesimama mbele akipasua ni Nthenya. Sasa bendi yenyewe iko wapi? Mpiga ngoma aliokoka akauza ngoma. Wanyoike wa gitaa alienda Qatar kulinda geti la hoteli, kazi yake siku hizi ni kutuma picha za jangwa. Wa besi hata simu hashiki. Amebaki Nthenya, miaka arobaini na kitu, chumba kimoja orofa ya sita mtaa wa Pipeline, dirisha linatazama dirisha la jirani, karibu hivi kwamba mnaweza kupokezana chumvi. Na huyo jirani jina lake halijui.

Usinielewe vibaya. Watu anao, Pipeline ukikosa watu una kasoro yako mwenyewe. Kwenye ngazi anapishana nao, kwenye kamba za nguo wanagombana. Lakini akiingia ndani akifunga mlango, ndiyo basi. Anakula kwenye sufuria kwa sababu sahani ni ya nini. Akiugua anajipikia uji mwenyewe, akipata habari njema anazunguka chumbani akitafuta wa kumwambia, na chumba chenyewe hakizunguki, hatua mbili umefika ukutani. Haki, kulikuwa na Jumapili alizokuwa anashuka dukani kununua kiberiti ambacho hakihitaji ili tu mtu amwambie asante.

Na baba anaye! Hapo ndipo ninapokasirika mimi. Baba yuko hai, tena si mbali, ukitoka Pipeline kwa bodaboda chai yako haijapoa umeshafika Mbotela, zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, kando ya Jogoo Road. Mzee Matheka, dereva mstaafu wa lori la unga, anaishi peke yake katika nyumba ileile aliyomlelea binti yake wa pekee. Binti hajaikanyaga tangu alipokuwa na miaka ishirini na moja.

Ilikuwa hivi. Kutu walipiga shoo Buruburu siku ya Ijumaa Kuu. Ulikuwa utoto tu, hakuna aliyeangalia kalenda. Waumini lakini waliangalia. Jumapili wazee wa kanisa wakaja Mbotela na Biblia zao, wakaketi, wakamwuliza Matheka: mtoto huyu tuliyemlea kwenye kwaya, hii miziki ya kupiga mayowe kama mtu aliyepagawa ameitoa wapi? Nthenya alikuwa jikoni nyuma ya pazia, birika mkononi. Akangoja baba aseme neno. Neno lolote. Aseme ni mtoto wangu, mwacheni. Aseme hata ni mjinga lakini ni wangu. Matheka akatazama sakafu. Wazee wakasema yote waliyokuja nayo, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao, na Matheka bado anatazama sakafu. Nthenya akakusanya nguo zake akaondoka kabla vikombe havijaoshwa.

Hakufukuzwa, na huo ndio uliokuwa ugumu. Angefukuzwa angekasirika, akalia, na siku moja angerudi kuomba msamaha au kuombwa. Lakini mtu ambaye hakuambiwa aende, anarudije? Akangoja baba atume mtu. Baba naye, inaelekea, alikuwa anangoja vilevile. Wakangojana hivyo, wenye vichwa vigumu hao, mpaka nywele za mmoja zikaisha na za mwingine zikaanza kuota mvi.

Sasa mwaka huu vijana wakaudaka wimbo mmoja wa zamani wa Kutu wakaanza kuuchezea kwenye simu zao. Haukudumu, vitu vya simu havidumu, lakini ulitosha kumfikia kijana mmoja mtangazaji anayeitwa Sydney, mwenye kipindi cha Jumapili mchana kwenye Redio Jirani. Akampigia Nthenya akiwa kazini, katikati ya magodoro.

"Niaje, Nthenya. Nataka uje na albamu unazozipenda. Zile za maisha yako."

"Za roki?"

"Aah, zisiwe roki tu, tafadhali. Nichanganyie. Watu washtuke kidogo."

"Watashtuka," Nthenya akamwambia.

Alikubali haraka kwa sababu moja, na si umaarufu. Mama Triza, jirani wa baba yake, alikuja dukani miezi ya nyuma kutafuta godoro la mjukuu, wakakumbatiana, wakalia kidogo, na katika kupiga stori Mama Triza akasema, "Babako siku hizi ni yeye na Redio Jirani. Jumapili akitoka kanisani anaifungua mpaka jua lizame. Hata ukibisha hodi hasikii." Maneno hayo Nthenya aliyabeba. Kwenda Mbotela aliogopa. Aliogopa kufika, kusema, na kumwona tena anatazama sakafu. Hilo lingemmaliza kabisa. Lakini maikrofoni haina macho ya kutazama sakafu. Mbele ya maikrofoni yeye hajawahi kushindwa kusema kitu. Akaamua kwamba atapitia albamu zote, na ya mwisho ikianza atamwambia baba yake, kupitia redio, mbele ya Wakenya wote wanaotaka kusikia, kwamba anataka kuja nyumbani.

Albamu zenyewe karibu zote zilitoka kwenye lori la unga. Nthenya alikuwa darasa la pili mama yake Wanza alipofariki, na baada ya hapo kila baba aliposafiri alirudi na santuri ndani ya karatasi ya kaki. "Shika, mama," angesema, kwa sababu mtoto alibeba jina la nyanya mzaa baba, na Mkamba hamwiti mama yake kwa jina. Kisumu alirudi na benga. Mombasa alirudi na taarabu ya bibi mmoja mnene aliyeimba kana kwamba anamsuta mwenye kusikiliza. Mpakani Malaba, rumba ya Kongo. Nakuru, kantri ya mzungu wa kofia pana anayemlilia farasi. Halafu kuna moja aliyoinunua hapa hapa Nairobi, soko la Burma, kwa mchuuzi wa vitu vilivyotumika: wanaume wanne wenye nywele ndefu wamesimama mbele ya kanisa. Ikawekwa kwenye kinanda cha santuri, na lile gitaa la kwanza likanguruma hadi vijiko vikatetemeka mezani, na mtoto wa miaka tisa akasimama katikati ya chumba mdomo wazi. Hakuketi mpaka upande wote ukaisha.

Hizo zote Sydney alizipata kwenye mtandao bila shida. Moja tu haikupatikana, nayo ni kaseti ya kwaya ya mama yake. Kwaya ilirekodi mara moja tu, ikauza kaseti kanisani, ikasambaratika. Katika wimbo wa tatu anayeimba mbele ni Wanza mwenyewe. Nthenya alitafuta wiki nzima, hadi mtu akamwelekeza kwa Muriuki wa Mbotela, yule anayekodisha hema, viti na spika.

"Hiyo?" Muriuki akacheka kwenye simu. "Dada, hiyo mimi naicheza karibu kila wiki. Nakutumia sasa hivi."

Nthenya alifurahi mno. Kumbe mama yake bado anapendwa hivyo, karibu kila wiki! Hakuuliza inachezwa wapi. Angeuliza, jamani, angeuliza tu.

Jumapili ikafika. Studio ilikuwa kijumba kilichobandikwa maboksi ya mayai ukutani, Sydney na vipokea sauti shingoni, chupa ya maji, simu zote zimezimwa. Nthenya alianza kwa woga, lakini benga ilipoingia akalegea. Akaeleza jinsi gitaa la benga linavyokimbia mbele ya mwimbaji kama mtoto aliyetumwa dukani, na kwamba alichokuwa anakifanya Wanyoike wa Kutu kwenye roki ni kukimbia hivyohivyo, ila amevaa buti. Sydney akapiga meza. Kwenye taarabu akasema yule bibi ndiye aliyemfundisha kwamba unaweza kusimama bila kutikisika na bado ukamchoma mtu. Kantri akaitetea kwa ukali, maana Sydney alijaribu kucheka. "Usicheke," akamwambia. "Nenda Gikomba sasa hivi, nenda gereji yoyote, utamkuta mzee anafungua boliti na anaimba hiyo. Watu wapweke wanajuana." Na kila mara alirudi kwa baba. Baba yangu alipenda benga. Baba yangu alipenda sana rumba, alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha mbao, macho ameyafumba. Alisema mengi hivyo. Alikuwa anamwita, kwa kweli, polepole, kabla ya kumwambia.

Karibu saa tisa akaomba ile ya kwaya. Ukapigwa wimbo wa tatu.

Sauti ya Wanza ikajaa kile kijumba. Nthenya alikuwa ameusikiliza wimbo huo kwenye simu wiki nzima bila tatizo, lakini kwenye spika kubwa mama yake alikuwa anapumua. Unamsikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari. Hapo Nthenya akavunjika. Wimbo ulipofifia Sydney akamwashia maikrofoni, na kilichotoka hewani kilikuwa kwikwi, halafu maneno yamekatikakatika: "Baba yangu… Mzee Matheka wa Mbotela… dereva… mume wa marehemu Wanza… baba wa Nthenya…" Akashindwa kuendelea. Sydney, kwa huruma, akaweka matangazo ya biashara.

Matangazo yakaisha. Albamu ya Kutu ikaanza chinichini, ile ya kwanza, waliyoirekodi nyumbani kwa mpiga ngoma na mablanketi madirishani. Nthenya akafuta uso akasogea karibu na maikrofoni.

"Baba," akasema, "kama unanisikia. Nimechoka kukaa mbali. Nataka kuja nyumbani. Nikaribishe, nitakuja. Usiponikaribisha, sawa, nitajua. Lakini mimi nataka kuja." Kisha kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauacha wimbo wake mwenyewe uchezwe na asiusikilize. Sydney akamsukumia ile chupa ya maji.

Alishuka ngazi za studio mwepesi. Alikuwa ameshasema, lililobaki ni la baba. Barabarani akawasha simu kuona kama amepiga.

Simu ikaanza kulia bila kupumzika. Ujumbe juu ya ujumbe. *Pole sana kwa kufiwa. Pole Nthenya, Mungu akutie nguvu. Poleni familia, tuko pamoja.* Hata Wanyoike, huko Qatar getini: *Nthe, nimeambiwa mzee ametuacha. Pole dada yangu.*

Alisimama pale kando ya mtaro wa maji akizisoma na hazikuingia kichwani. Mzee gani? Akampigia Mama Triza. Haikushikwa. Akapiga tena. Ilishikwa, na sauti aliyoisikia nyuma ni ya wanawake wanalia, na mtu anasema leteni viti huku, kisha ikakatika. Alikaa chini, kwenye ukingo wa mtaro, na suruali yake nzuri aliyoivaa kwa ajili ya redio.

Sasa wewe fikiria alichokuwa anafikiria. Baba amekufa leo. Amekufa yeye akiwa studio anaeleza habari za gitaa. Kila akijaribu kumlilia baba, swali moja lilimjia mbele, na alilionea aibu lakini lilimjia: alikufa kabla au baada? Alisikia, au hakusikia? Kama hakusikia basi alikufa akidhani binti yake hamtaki. Alipanda bodaboda akamwambia kijana Mbotela, na njia nzima ya Jogoo Road alilia kwa sauti ile ile ya kupasuka, hadi watu wa stendi wakageuka.

Mbotela pikapiki ya magurudumu matatu ilikuwa inashusha viti vya plastiki. Vijana wawili wamebeba nguzo za hema. Sufuria kubwa ya chai ilikuwa juu ya mafiga mbele ya mlango, na Muriuki alikuwa ameshaunganisha spika, na kwenye spika, mtaa mzima ukisikia, anaimba nani? Anaimba Wanza. Nthenya akaruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama, akapita katikati ya wanawake akilia "Baba! Baba yangu!", akasukuma mlango.

Mzee Matheka alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao na suti ya Jumapili, kikombe mkononi, amenuna.

"Na wewe pia," akasema. "Na wewe umekuja kunizika?"

Nthenya alianguka. Hakuzimia, alikaa tu sakafuni palepale mlangoni akimtazama. Kumgusa hakuthubutu. Mama Triza akaja mbio kumwinua, uso umemvimba kwa kulia, na huku anacheka, na huku anaona aibu, masikini.

"Ni mimi, Nthenya wangu, ni mimi nimeleta haya yote," akasema. "Lakini na wewe! Unachezaje wimbo ule redioni? Tangu uondoke wewe hakuna mtu anazikwa Mbotela bila ule wimbo! Muriuki akiuweka tu, tunajua kuna mtu ametutoka. Mimi nafungua redio saa tisa, saa ya matangazo ya vifo, nasikia wimbo, nasikia wewe unalia, unasema Mzee Matheka wa Mbotela, dereva, mume wa marehemu. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

Alifikiri walichofikiria wote. Mtaa mzima ulitoka nje kwa wakati mmoja. Mama Triza ndiye aliyetangulia kuingia, akakuta kiti kitupu na redio inasema yenyewe, na kama inavyofanywa kwenye nyumba ya msiba, kitu cha kwanza akaizima redio. Akavuta mapazia. Akaanza kutandika mkeka wa kukalia waombolezaji. Wanawake walipojaa ndani na kilio kikakolea, mlango wa uani ukafunguliwa, akaingia marehemu, anatoka msalani, anafunga mkanda. Mmoja aliruka dirisha. Namjua, sitamtaja. Muriuki na vijana wa hema huko nje habari ilikuwa bado haijawafikia.

Nthenya hakucheka. Alikuwa amesikia jambo moja tu katika hayo yote. Redio ilizimwa.

Chai ilikuwa imeshaiva, kwa hiyo ilinywewa. Mzee wa kanisa aliyekuja kuomba kwa ajili ya marehemu akaomba kwa ajili ya aliye hai, akachukua muda uleule. Watu walicheka mpaka wakachoka, kila mmoja akieleza alikuwa wapi aliposikia, na Muriuki akasema hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kurudisha hema bila kaburi. Nthenya alizungusha vikombe. Alijua vilipo, vilikuwa palepale. Yeye na baba walikuwa wanapishana humo ndani kama wageni wawili kwenye lifti. Kisha viti vikapakiwa, mafiga yakazimwa, jua likaingia mlangoni likiwa chini, na nyumba ikabaki na watu wawili.

Kinanda hakikuwepo. Santuri zilikuwepo, zimesimama ukutani chini ya kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa dawa za presha. Nthenya aliketi kwenye kochi.

"Ulisema napenda benga," baba akaanza.

"Eeh, Baba."

"Ukasema na rumba. Nakaa kwenye kiti macho nimefumba."

"Si ulikuwa unakaa?"

"Nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimetoka kuendesha lori kutoka Malaba." Akaweka kikombe chini. "Mimi muziki siujui, mama. Hata mmoja. Sijawahi kuupenda wala kuuchukia."

Nthenya akamtazama. Hadithi zote alizozibeba miaka yote, alizowaambia Wakenya saa chache zilizopita. "Sasa ulikuwa unanunua za nini?"

"Ulikuwa huli." Mzee alisema hivyo kwa haraka, kama mtu anayetema kitu. "Mamako alipoondoka ulikataa chakula. Ukaacha hata kuongea. Wiki mbili. Siku moja jirani akafungua redio kwa nguvu, kulikuwa na wimbo sijui wa nani, nikaona umechukua kijiko. Nikasema, kumbe. Basi kila nilipofika namwambia mchuuzi nipe moja. Wakiniuliza ya nani nasema yoyote. Ile ya kanisa nilidhani ni nyimbo za injili, si ilikuwa na picha ya kanisa? Na wewe ukaipenda hiyo kuliko zote. Wazee wakaja kuniuliza umeitoa wapi. Ningewaambia nini? Ni mimi."

Alitazama sakafu. Nthenya naye akaitazama, ilikuwa saruji nyekundu, imepasuka palepale ilipokuwa imepasuka. Miaka yote hiyo alikuwa akiongea na mtu mwingine, baba mpenda rumba ambaye hakuwahi kuwepo, na huyu aliyeketi hapa hamjui. Alimwonea huruma. Alijionea huruma mwenyewe zaidi, na hilo nalo nalisema maana ndivyo ilivyokuwa.

"Wa mamako ulipoanza nilitoka nje," baba akasema. "Ule huwa sikai nao. Niliporudi nikakuta wananizika. Baada ya pale ulisema nini?"

"Wapi?"

"Kwenye redio. Mwisho. Mama Triza aliizima. Watu wananiambia ulikuwa na maneno yangu."

Hapa sasa hapakuwa na maikrofoni. Sauti ile yote, ya magodoro na ya Buruburu, ilipotoka ilikuwa ndogo kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

"Nilisema nataka kuja nyumbani. Kama utanikaribisha."

Nje mtu alikuwa anakokota kiti kilichosahauliwa. Nthenya alihesabu anavyopumua baba yake, akajiandaa kusimama, akatafuta mkoba wake kwa mguu.

"Leo umekuja mbio," baba akasema. "Nilisikia unalia kutoka barabarani. Nikajua ni wewe kabla hujaingia. Nikajiambia, haya, amekuja, lakini amekuja kwa sababu nimekufa. Kila siku nafikiri hivyo. Huyu siku atakayokuja, mimi sitamwona."

"Baba, usiseme hivyo."

"Si ndivyo?"

Nthenya hakuweza kukana. Alilia bila sauti, machozi yanadondokea buti zake, na baba yake alimwacha alie, hakujua namna ya kumshika, mikono yake ilikuwa juu ya magoti inafunguka na kufumba. Alikaa hivyo mpaka alipokata shauri.

"Sasa sikiliza," akasema. "Kesho pia nitakuwa hai. Uje."